Watoto Wenye Ndevu

Jumamosi ile sikwenda uwanjani kikazi. Nilikwenda kumwangalia mtoto wa dada yangu, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akinilalamikia kwamba mama mdogo wake anazunguka nchi nzima kwa ajili ya mpira lakini yeye hajawahi hata kumwona akicheza. Uwanja wa vumbi, Mbagala. Goli moja lina wavu, la pili halina. Nikakaa juu ya tofali chini ya mwarobaini, karanga mkononi, siku yangu ya mapumziko.

Sauti niliisikia kabla sijamwona mwenyewe.

"Wewe namba nne! Wewe ni mzigo! Kwenu wanakulisha bure!"

Namba nne alikuwa mtoto wa miaka 11 hivi. Viatu vimemzidi, ukitazama vizuri unaona kitambaa kimesokomezwa mbele ili mguu usitembee. Winga alikuwa amempita, bao limeingia. Kocha akaibamiza koni ya njano chini, akamtoa. Dakika sita tu tangu amwingize. Mtoto hakulia. Alikwenda nyuma ya tenki la maji, akaanza kufungua kamba za viatu taratibu, kama mtu asiyetaka kazi hiyo iishe.

Ndipo kocha akageuka, akaniona. Uso ukamchanua.

"Shikamoo, mkufunzi! Karibu sana! Jamani, huyu ndiye mkufunzi aliyenipitisha!"

Nikaitikia marahaba. Nikampa hongera. Nikamaliza karanga zangu, mechi ikaisha, nikamchukua mtoto wa dada tukapanda daladala.

Ni wiki saba sasa.

## Alama 78

Mimi ni mtahini wa kozi za ukocha wa mpira wa miguu, na yeye alipita mikononi mwangu. Lakini jina langu halipo kwenye cheti chake. Watu wengi hudhani mtahini anatia saini cheti. Hapana, saini zile ni za wakubwa. Mimi nipo kwenye karatasi ya alama, ile ambayo hakuna anayeitundika ukutani. Usiku ule nilifungua kabati nikatafuta daftari langu la kozi ile, iliyofanyika miezi minane kabla.

Nilikuwa namkumbuka vizuri. Kijana mtanashati, andalio la somo limenyooka, michoro imepigwa rula. Mtihani wake wa vitendo ulikuwa kupokea mpira na kugeuka chini ya presha. Koni zimepangwa kabla sijafika, vizibao vimehesabiwa, chupa za maji pembeni kivulini. Alisimamisha zoezi mara tatu, kila mara kwa sababu. Alionyesha kosa, akaonyesha marekebisho, akaruhusu mpira uendelee. Nilimpa 78, na kwa daraja la D, ngazi ya kwanza ya leseni za ukocha, hiyo si alama ya kuokota.

Kwenye kipengele cha mawasiliano nilikuwa nimeandika hivi, kwa mwandiko wangu mwenyewe:

"Sauti nzuri sana. Inafika mpaka upande wa pili wa uwanja."

Nililifunga daftari.

Kulikuwa pia na mtihani wa maandishi. FIFA ilitoa mwongozo wake wa ulinzi wa mtoto, FIFA Guardians, mwaka 2019, nasi kwenye kozi zetu tumeuwekea kipindi kizima. Yeye alikuwa amejibu kila swali. Katika moja aliandika kwamba kocha hapaswi kumdhalilisha mtoto mbele ya wenzake kwa sababu mtoto ataacha mchezo. Nilimwekea vema. Hata alama ya mshangao niliongeza.

## Nilivyoingia

Sikuwahi kuota kuwa mtahini. Nilicheza mpaka timu ya mkoa, basi. Mwaka 2010 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipokwenda Afrika Kusini kwenye fainali za Afrika, mimi nilikuwa nyumbani na goti lililovimba, nawashangilia kwenye redio. Nikaangukia ukocha kwa sababu shule niliyokuwa nafundisha haikuwa na mtu mwingine aliyejua sheria ya kuotea. Nikapanda ngazi za leseni za CAF, shirikisho la mpira la Afrika, kama wengine: D, kisha C, kisha B. Halafu siku moja nikaitwa kwenye mafunzo ya wakufunzi, na baada ya hapo nikapewa kazi ya kukaa pembeni ya mzee mmoja wa Tanga kwa kozi mbili nzima, nikitoa alama zisizohesabiwa, ili tulinganishe zangu na zake jioni.

Jioni hizo ndizo zilizonifundisha. Mimi nilikuwa natazama mpira. Yeye alikuwa anatazama kocha anatazama nini. Mara ya kwanza tulitofautiana kwa alama 20 kwa mtu mmoja. Mzee hakuniambia nimekosea. Aliniuliza tu: "Zoezi lilipoharibika, huyu bwana alikuwa ameangalia wapi?" Sikuwa najua. Alikuwa ameangalia karatasi yake.

Kozi ya kwanza niliyotahini peke yangu ilinipa mtihani mimi. Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa makamo ya baba yangu. Asubuhi nilimwamkia shikamoo. Jioni nikamwandikia "hajafikia kiwango". Sikulala. Nilikuwa nawaza huyu mzee atarudije nyumbani na maneno hayo, niliyoyaandika mimi, mwanamke ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake. Kesho yake alinipa mkono kwa mikono miwili, akaniuliza arudie sehemu gani. Mwaka uliofuata akarudia, akafaulu, na mpaka leo hunitumia salamu za sauti kila Idi.

Nasimulia hili kwa sababu moja. Miaka yote ya kazi hii, usingizi wangu ulikuwa unakatwa na wale niliowafelisha. Huyu hakustahili zaidi? Nilikuwa mkali mno? Nilikuwa na njaa?

Niliowapitisha sikuwahi kuwawaza hata usiku mmoja.

## Watoto wenye ndevu

Sasa niseme jambo ambalo kila aliyepita kozi hizi analijua na hakuna anayelisema.

Kwenye mtihani wa vitendo, wanaofundishwa si watoto. Ni watahiniwa wenzako. Unasimama katikati ya uwanja ukiwa na wanaume 15 na dada wawili, mmoja ana kitambi, mmoja ana wajukuu, mmoja bado ana maumivu ya mgongo wa basi la jana, na unasema kwa sauti changamfu: "Haya watoto, njooni hapa kwa mwalimu!" Nao wanakuja mbio. Watoto wenye ndevu.

Ukipuliza filimbi, wote wanasimama kama sanamu. Ukiuliza swali, mikono inanyooka. Ukitaka mmoja akosee ili upate cha kurekebisha, anakosea, kwa adabu kabisa: anaupokea mpira kwa goti, unadunda mita moja, anakutazama kukukumbusha kwamba sasa ndio wakati wako. Nimeona mtu akinong'onezwa na "mtoto" wake: "Simamisha hapa, simamisha." Nikajifanya sikusikia.

Siwalaumu. Ni mkopo. Leo mimi nikikimbia vizuri kwenye kipindi chako, kesho na wewe utakimbia kwenye changu. Kwenye kozi nzima hakuna kikoba kinacholipana kwa uaminifu kama hicho.

Lakini ona nilichokuwa napima. Nilimweka yule kijana mbele ya wachezaji 17 waliotaka afaulu, nikampa dakika 20, kisha nikaandika kwamba anafaa kupewa watoto. Hakuna aliyechelewa. Hakuna aliyesahau yuko timu gani, wala aliyepitwa na winga bao likaingia huku mama yake anaangalia.

Uvumilivu wake sikuupima, kwa sababu hakukuwa na cha kuvumilia.

## Karatasi imekuwa mkate

Kuna wakati leseni ilikuwa kitu cha kujivunia tu. Siku hizi bila karatasi hukai benchi. Wapenzi wa Simba hawajasahau 2021, Didier Gomes Da Rosa alipokuwa hatambuliki na CAF kama kocha mkuu kwenye Ligi ya Mabingwa kwa sababu ya daraja la leseni yake, ikabidi nafasi hiyo kwenye makaratasi aishike Thierry Hitimana. Kilichofuata na Jwaneng Galaxy ya Botswana, walioitoa Simba mashindanoni, sitaki kukirudia, nina ndugu wa Msimbazi humu.

Jambo lile lilishuka mpaka chini. Sasa hata akademi ya watoto ya uwanja wa vumbi inabandika nakala ya leseni ya kocha ofisini, mzazi aione kabla hajatoa ada. Na mimi naelewa mtu anayekuja kozini amekopa kwenye kikoba cha mkewe. Wakati wa kujumlisha alama unamwona huyo mke, hata kama hujawahi kukutana naye. Kalamu inakuwa nzito kwenye 48 na nyepesi sana kwenye 52.

Kwa hiyo sikuwa nimempitisha kwa huruma, yule kijana. Hilo ndilo lililoniudhi. Ningekuwa nimemwonea huruma ningejua kosa langu liko wapi. Nilimpitisha kwa haki, kwa fomu, kipengele kwa kipengele.

## Simu ya Tanga

Wiki ya pili nikampigia mzee wangu wa Tanga. Nilimsimulia yote, na nakiri nilisimulia vizuri, maana nilikuwa nimeshajisimulia mwenyewe mara nyingi. Fomu zetu, watoto wenye ndevu, saini, dhamana ya mtahini. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Mwanangu," akasema, "na yule mtoto, ulimwuliza jina?"

Nikanyamaza.

Hakunisema zaidi. Akahamia kwenye machungwa yake ya Muheza, bei ya mwaka huu, madalali, mvua. Nilikuwa naitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku masikio yanawaka. Siku 14 nilikuwa namfikiria kocha na kujifikiria mimi. Mtoto aliyekuwa nyuma ya tenki nilikuwa nimemgeuza mfano.

Jumamosi iliyofuata nikarudi Mbagala. Namba nne alikuwa amevaa mtoto mwingine. Nikamwuliza kocha, akajibu bila uzito, "Haji siku hizi." Jina nikalipata kwa mtoto wa dada yangu: wako shule moja, mwenzake yuko darasa la tano B. "Anasema mpira hautaki tena," akaniambia, akaendelea kula muwa. Jina nimeliandika kwenye daftari lilelile, ukurasa wa alama 78. Hapa siliweki.

Na kocha tulizungumza, baada ya mechi, tumekaa juu ya begi la mipira. Nilikuwa nimejiandaa kwa kiburi. Sikukikuta.

"Mkufunzi," akasema, "kule kozini nilikuwa nafundisha watu wanaonielewa. Hapa mzazi analipa ada, timu ikifungwa tatu anamhamishia mtoto kwa jirani. Mwenye akademi akinipigia simu jioni haniulizi nimesema nini na watoto. Ananiuliza matokeo."

Kisha akaongeza lililonikaa kooni: "Na mimi nilifundishwa hivyohivyo. Kocha wangu alitupiga kwa bomba la maji. Mbona nimekuwa mtu?"

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu. Ukweli ni kwamba mimi pia nilichapwa, fimbo ya mpera, nikichelewa mazoezini, na kila nikipewa nafasi ya kushukuru watu mbele ya hadhara, kocha yule namtaja wa kwanza. Sijui kama namshukuru kwa fimbo au licha ya fimbo. Nimekuwa nikiyachanganya hayo mawili maisha yangu yote, na hapo juu ya begi la mipira ndipo nilipogundua kwamba kuna wasichana wa enzi zangu ambao hawakupewa nafasi ya kushukuru mtu, kwa sababu waliondoka. Tulikuwa 30 tulipoanza. Tulibaki 11 na akiba wawili, na sisi 13 ndio tunaosimulia kwamba fimbo inajenga.

Nilimwambia kitu kimoja tu: kwamba ile alama ya mawasiliano niliandika mimi, na Jumamosi ile nilitamani kuifuta. Alicheka. Kisha akaacha kucheka. Tukakusanya koni pamoja.

Na mwenye akademi nilimpigia pia. Aliniahidi "atalifanyia kazi". Msomaji wangu ni Mtanzania, anajua uzito wa maneno hayo.

## Mipira ya namba nne

Kozi iliyofuata ilianza wiki iliyopita. Nikaomba watoto. Watoto wenyewe, wasio na ndevu.

Mratibu aliniangalia kama nimeomba tembo. Ratiba imeshachapishwa, bajeti haina kifungu, na nani atawajibika mmoja akivunjika mkono? Maswali ya haki yote. Nikaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, tukaandikiana barua, nikakubali awepo mwalimu wao muda wote na warudi kabla ya saa sita. Juisi na maandazi mfukoni mwangu. Ndipo tukagundua stoo nzima ina mipira ya namba tano tu. Miaka yote tumekuwa tukiwafundisha watu kufundisha watoto kwa mpira wa watu wazima, maana wachezaji wetu walikuwa watu wazima. Nikazunguka kutwa nzima kuazima mipira sita ya namba nne, saizi ya watoto.

Wakaja 24. Wawili hawana viatu, mmoja kizibao kinafika magotini.

Mtahiniwa wa kwanza alikuwa na andalio la rangi tatu. Akapuliza filimbi kusimamisha zoezi. Watatu walisimama. Waliobaki waliendelea mpaka wakafunga bao, wakashangilia, wakavua vizibao. Akapuliza tena. Mtoto mmoja akamjia na kumwambia anataka kwenda kukojoa, na mwingine, dakika ya 10 ya mchezo, akauliza: "Mwalimu, mimi niko timu gani?" Mtahiniwa akageuka kunitazama mimi. Nilimwonea huruma kweli. Hakuna sentensi moja kwenye rangi zile tatu iliyokuwa na jibu.

Mchana wakaja kunilalamikia. Kundi la jana lilifanya mtihani na watu wazima, leo wao wamepewa watoto. Iko wapi haki? Na wana haki, hilo sikubisha. Wakufunzi wenzangu wawili wakakubaliana nao: alama za kipindi cha watoto zisihesabiwe, yabaki maoni tu. Nikakubali, nimenuna. Mpaka sasa sijui nitafanyaje kozi ijayo. Kumpa kila mtahiniwa watoto kunahitaji siku nne zaidi, na siku nne ni fedha ya mtu fulani ambaye si mimi.

Lakini nirudi kwenye kipindi cha mwisho cha asubuhi ile, kwa sababu hicho ndicho kimenifanya nikae niandike.

Mtahiniwa alikuwa mwenye duka, mtu mkimya. Kwenye maandishi alikuwa wa pili kutoka mwisho. Koni zake hazikunyooka. Zoezi lilikuwa pasi za watatu watatu, na yule mwenye kizibao cha magotini akaupiga mpira ukaenda moja kwa moja kichakani. Wenzake wakamzomea, "Huyooo!"

Mwenye duka hakupuliza filimbi. Alitembea mpaka pale, akachuchumaa, akaanza kuzungumza na mtoto.

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha plastiki, nje ya mstari, fomu mapajani. Fomu ni ileile. Kalamu ilikuwa imefika kwenye mawasiliano: sauti inasikika? Nikakaza sikio. Sikusikia hata neno. Niliona mtoto akitikisa kichwa, kisha akinyoosha kidole kuelekea kwa mwenzake wa kushoto, kama aliyeulizwa kitu na analo jibu.

Nikabana fomu kwapani, nikabeba kiti changu, nikasogea.